Mtunzi Hajulikani

Katika nyumba nilikoolewa, jina la baba mkwe halitoki kinywani mwa mke wa mtoto. Huli naye sahani moja, hukai naye benchi moja, humtazami machoni. Ukimpelekea chakula unakiweka, unageuka, unakwenda zako. Nilipoolewa nilidhani ni adabu za miezi ya mwanzo tu. Miaka ikapita, vita vikatutoa kwenye vilima vya juu ya Ngungu, huku mashariki mwa Congo, mpaka Kitshanga, mume wangu akaenda kutafuta maisha Walikale, nikabaki na mzee wake na mtoto wetu chini ya bati moja. Nilimfulia, nilimpikia, nilijua kikohozi chake cha asubuhi na cha jioni, na jina lake sikuwahi kulitamka.

Mzee huyo alikuwa mtunzi wa nyimbo za kanisa. Kabla ya vita alifundisha kwaya, na nyimbo alizotunga zinaimbwa mpaka leo, siku za mavuno na siku za maziko, Masisi yote hadi kule msituni Walikale. Watu wanaziimba wakidhani zilishuka na mvua. Hayo niliyajua kwa kuyasikia nyuma ya mlango, maana mwenyewe ningemuuliza vipi?

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya primeri. Madarasa yetu yalikuwa yamejaa wakimbizi, magodoro juu ya madawati, kwa hiyo mchana nilikuwa na nafasi nyingi na kazi kidogo. Nafasi hiyo niliitumia kuandika katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ya Kiswahili ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu mwingine yeyote akamsahihisha. Hakuna mshahara. Unachopata ni kuona jina lako la bandia kwenye historia ya ukurasa, na siku moja mgeni wa mbali anakuandikia, "Asante kwa mchango wako." Niliandika juu ya mito yetu, juu ya maharage, juu ya jibini la Masisi. Juu ya mzee sikuandika. Nyumba ilinikataza kumtaja, na kamusi nayo ina sheria yake kwamba usiandike juu ya ndugu zako. Kinyozi hajinyoi. Nilijiambia kuwa iko siku atatokea mtu wa kumwandika, na nilipenda kujiambia hivyo kwa sababu mtu huyo hakuwapo.

Akatokea. Alikuwa msichana wa kwaya, mtoto wa mfanyabiashara wa kutoka upande wa Butembo aliyekuwa na duka la sabuni, chumvi na mabati pale sokoni, na lori lililokwenda Walikale kila barabara ilipokubali. Alikuja na simu yenye kioo kizima. Yangu ilikuwa imepasuka kona hadi kona, na kila nikitaka kuandika herufi ya mwisho wa mstari ilibidi niigeuze ubavu.

"Mama mwalimu," akasema, "bananiambia unajua kuandika mu ile kitabu ya internet. Mi nataka kuandika maisha ya muzee. Unisaidie."

Ningesema nini? Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Nikamkaribisha, nikamwonyesha alipokaa mzee, naye akaenda moja kwa moja akaketi kando yake kwenye benchi.

Nilikuwa namenya mihogo karibu na mlango wa jikoni. Nikawasikia wakicheka. Mzee alikuwa anamweleza jinsi alivyotunga wimbo wake wa kwanza akipalilia maharage, kila jembe likishuka neno moja linakaa mahali pake, na akifika mwisho wa shamba ubeti umeisha. Hata akaimba kidogo, akigonga benchi kwa kiganja. Wivu ulinikaba pale pale. Miaka yote ile nilikuwa nasugua mashati yake, na sikuwahi kujua habari ya jembe. Huyu amekuja leo, hata maji hajachota, na ameshapewa.

Alinirudia na kurasa alizoandika kwenye simu. Zilianza hivi: "Muzee huyu njo mutunzi mukubwa kupita batunzi bote ya Congo." Nikafurahi kupita kiasi.

"Sifa tunaziondoa," nikamwambia. "Kamusi haisifu. Mkubwa kuliko wote, nani amesema? Amesemea wapi? Ukurasa gani?"

"Lakini ni kweli, Mama mwalimu."

"Kweli bila chanzo ni hadithi. Futa."

Akafuta. Nikamfutisha na "sauti tamu", na "moyo wa zahabu", na "alipendwa na watu wote". Kila sheria niliyomfundisha ilikuwa sheria ya kweli, muulize mchangiaji yeyote, na kila moja niliisema kwa utamu wa mtu anayekamua limau kwenye jeraha la mwenzake. Yeye alinishukuru. Hakuwa na ubaya hata chembe, na hilo nalo lilinichoma.

Kisha nikafika kwenye sentensi moja ambayo haikuwa na kosa: "Wakati wa vita alikimbilia Kitshanga pamoja na familia yake." Niliisoma, nikairudia. Familia hiyo ilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa ametangulia na mbuzi. Mimi ndiye niliyebeba godoro kichwani, mtoto mgongoni, na kigoda cha mzee mkononi kwa sababu alikataa kukiacha, na penye tope la kupita magoti nilimpa ncha ya kitenge changu aishike, ili nimvute bila kumgusa. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tunavyosema. Mimi nilikuwapo, na langu halikuwapo. Wala sikuweza kuliongeza, kwa sheria zile zile nilizokuwa nikimfundisha mwenzangu.

Msichana alikuwa na macho. "Mama mwalimu, mbona kwenye jina lake unarukaka? Unasahihisha yote, ukifika kwenye jina unanipa simu, unasema weka hapo."

"Ni baba mkwe wangu."

"Ee, pole!" Akacheka vizuri tu. "Mi sina mume, niko huru." Akalitamka jina la mzee kwa sauti, lote, hivi hivi, kama mtu anayeita mbuzi wake. Mzee akaitika kutoka kwenye benchi. Nikaingia ndani nikatafuta chumvi niliyokuwa nayo mkononi.

Kilichokosekana ni chanzo. Kulikuwa na kitabu cha nyimbo kilichopigwa chapa zamani, chenye majina ya watunzi chini ya kila wimbo. Nakala yetu iliungua pamoja na nyumba. Nilimwandikia mume wangu aulizie parokia ya Walikale, akajibu baada ya muda mrefu kwamba yuko machimboni na mvua ni nyingi. Msichana alimwambia dereva wa baba yake. Lori liliporudi, dereva alikuwa na picha safi za kurasa alizopiga parokiani, na jina la mzee liko chini ya nyimbo zake, limeandikwa vizuri. Nilimfundisha msichana aandike marejeo: kitabu, mwaka, ukurasa, kwa maana picha ya simu peke yake si chanzo. Ukurasa ukapendeza. Ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuandika mimi, na nusu ya uzuri huo ilikuwa kazi yangu, na kwenye historia yake jina la bandia lililojaa juu mpaka chini lilikuwa la msichana.

Haikupita siku nyingi akaja anakimbia, amebeba simu mbele yake kama sahani ya moto.

"Banataka kuufuta! Mama mwalimu, banaufuta ukurasa ya muzee!"

Nikasoma. Mkabidhi mmoja, ndiye mwenye mamlaka ya kufuta kurasa, alikuwa ameweka tangazo la kuufuta baada ya majadiliano. Sababu yake ilikuwa ya haki kabisa: kamusi ilikuwa na makala ya zamani juu ya nyimbo za Masisi, na mbele ya nyimbo zile zile makala hiyo ilisema "mtunzi hajulikani". Kitabu kinachotajwa hakuna aliyekiona. Makala ya zamani, aliongeza mkabidhi, imeandikwa na mchangiaji wa huko huko, mzoefu na mwenye kuaminika.

Mchangiaji mwenye kuaminika alikuwa mimi.

Niliiandika kabla msichana hajajua kamusi ni kitu gani. Nilikuwa nimeorodhesha nyimbo, nikafika mahali pa mtunzi, na kidole kikakataa. Basi nikalizunguka jina kama nilivyolizunguka nyumbani kila siku. "Mtunzi hajulikani", nikaandika, na nikaona nimemheshimu.

"Nimejaribu kuisahihisha hiyo ya zamani," msichana akasema, machozi yanamtoka. "Bakairudisha vile ilikuwa. Banasema mi ni mupya, na ukurasa ni yangu, sina haki. Huyu mutu mwenye aliandika hajulikani, anajua nini ya kwetu? Ni muongo tu!"

Historia ya ukurasa, anakoonekana nani ameandika nini, sikuwa nimemfundisha kuitazama. Nikaendelea kusonga bugali.

Wacha niseme lililonijia. Lilinijia kwamba nikinyamaza, ukurasa utafutika, msichana atarudi dukani kwao, benchi litabaki na mtu mmoja, na mzee atakuwa tena wetu sisi wa nyuma ya mlango. Nililiangalia wazo hilo, likanivutia. Nilikuwa nasonga bado.

Kisha nikasikia msichana amekwenda kumweleza mzee, na mzee akasema polepole, "Haiko neno, mutoto. Siku ya kunizika bataimba wimbo yangu, na hakuna mwenye atajua kama ni mimi niliitunga. Itakuwa tu vile."

Hata hilo alimwambia yeye. Lakini niliepua sufuria.

Nilimwita msichana nyuma ya nyumba, penye maharage yaliyoanikwa. "Aliyeandika hajulikani ni mimi," nikamwambia. Alinitazama, akatazama simu, akanitazama tena. Nilingoja anitukane, na ningemjibu, maana ulimi ninao.

"Basi uandike jina, Mama mwalimu," akasema. "Wewe batakuamini."

Akanipa simu yake, ile yenye kioo kizima. Kwanza niliandika kwenye majadiliano: mimi ni mke wa mtoto wa mtu huyu, kwetu mkwe hataji jina la baba mkwe, na kwa sababu hiyo peke yake niliandika kwamba mtunzi hajulikani, nami nilimjua. Kitabu kiko parokia ya Walikale, anayetaka akakione. Baada ya hapo nikafungua makala yangu ya zamani, nikafuta "hajulikani", nikaandika jina. Niliandika herufi moja moja, meno nimeyauma. Mkono si mdomo, nilikuwa najitetea, lakini jasho lilinitoka, na nilipomaliza nilichungulia kwenye kona kuona kama mzee amesikia. Alikuwa anasinzia.

Tangazo liliondolewa. Mkabidhi aliandika, "Asante kwa mchango wako."

Jumapili baada ya misa, msichana alikuja amevaa vizuri na simu imejaa chaji, tayari kumsomea mzee, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameshachoka kusoma. Akaketi mahali pake kwenye benchi. Akakohoa kidogo, asafishe koo.

"Hapana," mzee akasema. "Asome huyu wa nyumba."

Nilikuwa naondoa sahani. Nikazishika pale pale.

Msichana aliniletea simu. Nilikaa kwenye kizingiti, mgongo nimempa mzee kama inavyotakiwa, nikaanza. Nilifika kwenye jina mapema sana, maana makala ya mtu huanza na jina lake. Nikanyamaza. Nilimwona msichana amefungua mdomo anisaidie, na nyuma yangu nikasikia mzee anamwambia, "Tss." Kisha mzee akalitamka jina lake mwenyewe, taratibu, lote, kama mtu anayejibu padri.

Nikaendelea. Jina likaja tena, nikanyamaza, akalisema. Tulikwenda hivyo aya baada ya aya, mimi na maneno yangu, yeye na jina lake. Pale penye jembe na maharage alicheka. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe alikuwa amecheka kwa jambo nililolisema mimi, na sikuweza hata kugeuka kumtazama.

Nikafika: "Wakati wa vita alikimbilia Kitshanga pamoja na familia yake."

"Simama pale," mzee akasema. Nikasimama. "Familia njo huyu. Alinivuta na kitenge yake mu matope, na kigoda yangu hakuiacha. Nisingekuwa hapa."

Msichana alikuwa ameinama mbele, macho yanang'aa, kidole kimeshanyooka kuelekea simu.

"Niongeze hiyo, Mama mwalimu? Iko muzuri sana."

"Usiongeze," nikamwambia. "Haina chanzo."

Nikaishikilia simu yake kwa mikono miwili mpaka kidole chake kiliporudi chini, nikaendelea kusoma.