Viti Vikavu

Juzi, katika maabara ya hospitali Mbinga, binti mmoja alinionyesha majibu ya kupima dawa ya kuua vijidudu. Meza iliyopuliziwa ikaachwa ikauke yenyewe ilikuwa salama. Ile iliyofutwa papo hapo ilikuwa na vijidudu tele. "Dawa haikupewa muda," alisema.

Nikakumbuka mchana mmoja nyumbani kwetu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mdogo wangu aliugua kipindupindu. Bwana afya alipulizia klorini mezani na vitini, hadi harufu ya dagaa wa usipa walioanikwa uani ikapotea. Alipotoka tu, bibi alichukua kanga kuukuu akakausha kila kitu. Shangazi alikuwa njiani kutoka Tingi kuja kuuguza, na binti aliyeolewa akirudi kwao ni mgeni, hakalishwi penye maji.

"Shikamoo, mama," shangazi alisema akiingia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, pakavu."

Shangazi akala ugali mezani pale. Mimi nilitulia, maana niliamini harufu ya klorini ndiyo dawa, na bado ilinuka.

Mdogo wangu alipona. Shangazi tulimzika.

Siku ya msiba bwana afya alipulizia tena. Bibi, huku akilia, akavikausha viti kimoja kimoja, waombolezaji wapate kukaa vizuri.