Bidon Zilizojazwa Mpaka Shingoni

Shule niliiacha mapema, lakini mafuta ya mawese ninayajua. Mawese si maji. Bidon, galoni ile ya plastiki ya lita makumi mbili, ukiitia maji, ni kilo makumi mbili. Ukiitia mawese, inapungua karibu kilo mbili. Niliyajua hayo kwa mikono, kwa kubeba, kabla ya mizani kunikubalia.

Volkano iliposhuka mjini ilikula depo yangu na kila kitu ndani. Watoto walikuwa wakubwa, wamekwisha kwenda kwenye nyumba zao. Tukahamia Ndosho, mimi na mke wangu, tukaanza tena na bidon tatu.

Halafu vita. Mke wangu alikuwa upande wa Walikale kununua mawese, barabara ikafungwa nyuma yake. Ikabaki ndege ndogo tu, na ndege inahesabu kilo: mafuta kilo, mutu kilo.

Nikaenda agence, ofisi ya ndege. Kijana wa pale alikuwa anaandika bidon moja kilo makumi mbili na moja: makumi mbili ya mafuta, moja ya plastiki. Bidon thelathini alizonunua mke wangu zilijaza ndege yote. Nafasi ya mutu hakuna.

“Nani alikuambia lita ya mawese ni kilo?”

“Muzee, lita ni kilo. Ni vile tunahesabu.”

“Basi ukisikia kiu, unywe mawese.”

Watu wakacheka. Nikaleta bidon kutoka dukani kwangu, tukaipandisha kwenye mizani. Kilo kumi na tisa na kidogo, pamoja na plastiki. Kijana akakuna kichwa. Kwa bidon thelathini, kilo zilizobaki zilimtosha mama mwembamba na furushi lake. Akamuandika mke wangu.

Nikamuita mke wangu kwa fonie, redio ile ya kuitana.

“Mama, panda pamoja na mafuta. Nafasi iko.”

“Kweli, papa?”

“Mizani imesema.”

Siku ya ndege nilifika mapema, nimevaa shati ya misa. Mawe ya volkano yalikuwa yamekula mwisho wa uwanja, ndege ikatua kwenye kipande kilichobaki. Wakashusha bidon. Zote thelathini. Nikangoja mlangoni. Hakuna mutu mwingine aliyeshuka.

“Muzee,” mpakizi akasema, “kule tulipima moja moja. Kila bidon kilo makumi mbili na moja. Zilijazwa mpaka shingoni.”

Nikazitazama. Ni kweli. Bidon ina mustari wa lita makumi mbili, lakini juu ya mustari inameza zingine mbili. Sisi watu wa mawese tunauza kwa mustari, tunanunua kwa shingo. Mchuuzi akikuishia kwenye mustari, amekudharau. Mke wangu alikuwa anasimama juu ya kichwa cha muuzaji mpaka mafuta yaguse kifuniko. Ile niliyopeleka agence ilikuwa bidon ya kuuza.

“Muzee, tulimuambia mke wako aache bidon tatu, apande yeye. Akakataa. Akasema, muzee wangu ataanza tena na nini?”

Kesho yake mke wangu akaniita kwa fonie.

“Mafuta imefika?”

“Imefika. Na wewe?”

“Nitapanda inayokuja. Usiuze bei ya chini, nakujua.”

Tukacheka. Ile inayokuja haikuja. Watu wa bunduki waliukamata uwanja wa kule, fonie ikanyamaza.

Vita ile ilikwisha, zikaja zingine. Kila mutu anayetoka upande ule ninamuuliza. Wananiambia pole, muzee. Sikuuliza pole, niliuliza mutu.

Mawese nimeendelea kuuza. Nilijenga nyumba ya mbao, nikapiga bati, sikumuomba mutu. Wateja wananiletea bidon, ninainua kwa mkono mmoja, ninawaambia kilo zake, wanapima, wanakuta ni hizo. Lakini jioni nikipika sombe, majani ya muhogo, ninamimina mafuta ya watu wawili. Ninajua ni mengi. Ninamimina tu, halafu ninakula mpaka pale ninapoweza, na chungu ninakifunika.