Mrehani Niliouzika

Nakumbuka asubuhi moja, hata mwaka haujaisha tangu niolewe hapa hapa Bariadi. Mama mkwe wangu, ambaye wote tulimwita Mayu, alikuwa anasafiri kwenda Shishiyu kumuuguza binti yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka akafungua fundo la kanga yake, akanimiminia kiganjani mbegu nyeusi, ndogo kuliko ufuta.

"Ni mrehani wa mji huu," akasema. "Mimi nilipewa na mama mkwe wangu. Nikirudi niukute unanukia uani."

Mwanangu, mrehani ule haukuwa pambo. Mayu hakunywa chai isiyo na jani lake, na ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umeua mashina yote. Nikajua nimekabidhiwa kitu cha ukoo, na kwamba hapo ndipo ninapimwa kama nafaa kwenye mji ule.

Sasa mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba. Kulima nilijua, tena kwa majigambo. Nikachukua jembe, nikachimba mashimo kwa mstari, nikatia mbegu tatu tatu, nikafukia na kusindilia kwa kisigino kama nilivyofundishwa tangu utoto. Usinicheke. Nilimwagilia wiki ya kwanza, ya pili, hadi ya tatu. Hakikuota kitu zaidi ya magugu.

Ningetuma ujumbe Shishiyu nikasema ukweli, yangeisha. Lakini nilikuwa na aibu ya mke mgeni. Na ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka ya mjini yamejaa vitu vya nje ambavyo zamani tulivisikia tu. Duka moja likawa linauza mbegu za pakiti zenye picha, na mrehani ulikuwemo. Muuzaji akanionya, "Dada, hizi hazifukiwi. Unazinyunyiza juu, unazipapasa kwa kiganja, basi." Nikanunua pakiti moja. Kumbe zile za Mayu nilikuwa nimezizika.

Za dukani zikaota siku ya tano. Zikanawiri, majani mapana yanayong'aa. Mayu aliporudi nikampigia goti kumwamkia, "Mwangaluka, Mayu," kisha nikamwongoza uani kwa madaha.

Akachuma jani, akalifikicha, akanusa. Akanusa tena.

"Mbona huu mgeni?"

"Ni samadi, Mayu. Ya mwaka huu ilikuwa kali."

"Haya, samadi imepanua jani. Na harufu nayo imeibadilisha?"

Nikafungua mdomo, machozi yakatangulia. Nikamweleza yote: jembe, kisigino, duka. Nilingoja kurudishwa kwetu. Mayu akaketi chini kwenye vumbi, akacheka mpaka akajishika mbavu. Alipotulia akaniambia taratibu, na maneno yake yakaniingia kuliko kofi: "Mbegu kutoota si kosa. Kosa ni kutaka ninuse uongo nyumbani kwangu kila asubuhi."

Halafu akafungua pembe nyingine ya kanga. Nusu ya mbegu ilikuwa humo.

"Nani alikwambia nilikupa zote? Hata mimi, za mama mkwe wangu nilizichimbia mashimo ya pamba. Sisi wa huku tuna mkono mmoja tu wa kupandia."

Tukapanda pamoja siku ile ile, kwenye sufuria lililotoboka: udongo uliochekechwa na samadi iliyooza vizuri, mbegu juu, vumbi jepesi la kuzifunika, maji ya kunyunyiza kwa vidole. Nilikuwa na furaha mpaka nikaimba. Hata ule wa dukani hatukuung'oa. Mayu alisema utafaa kwa wageni.

Mwanangu, wewe unayekwenda kuanza maisha kwa watu, ukikabidhiwa kitu uliza kwanza kinatunzwaje, hata kama unajiona fundi. Kikikuharibikia, sema siku hiyo hiyo, usinunue kingine cha kufichia. Mimi nilikonda miezi mitatu kwa hofu, na kilichokuwa kinaningoja ni kicheko. Mungu aibariki mikono yako, auongoze ulimi wako kwenye kweli kungali mapema, na akupe wakwe wenye mbavu za kucheka.