Samaki Mfukoni mwa Koti

Binti yangu aliolewa pwani, katika mji wa wavuvi, nami kwa miaka nilikuwa na visababu vya kutokwenda: mara kahawa inachumwa, mara magoti. Mwaka huu nilikwenda. Nilibeba gunia la viazi vya kwetu Mweiga, kana kwamba huko watu hawali.

Kesho yake alinipeleka sokoni, kwa mama mkwe wake anayekaanga samaki. Nilikuwa nimevaa koti langu la kanisani. Mama yule alicheka aliponiona.

"Mkwe, joto lote hili na koti? Huko kwenu Nyeri mnazaliwa nalo?"

Wateja walicheka, nami nikacheka. Kisha akaopoa samaki mmoja, tasi, kutoka kwenye karai, akamkamulia ndimu, akanipa kwa mikono miwili. Binti yangu alinikazia macho. Nilielewa alichoomba: nile, ili ukoo ule ujue babake amewakubali.

Nimelelewa nikiambiwa samaki ni ndugu wa nyoka. Nimesoma hadi kidato cha nne na najua si kweli, lakini sikuweza kumtia mdomoni.

"Asante, mkwe. Wacha apoe kidogo."

Alipogeukia mteja, nilimfunga tasi kwa leso yangu, nikamtia mfukoni, nikajipangusa mdomo.

"Tamu sana," nikasema.

"Ushamaliza? Na miba je?"

"Nimemeza."

"Ati amemeza!" akapiga kelele muuza pweza. "Huyu mzee ni papa!"

Walionifichua ni paka wa soko. Alianza mmoja, wakaja wengine, wakanizunguka miguuni wakilia. Mmoja alisimama kwa miguu ya nyuma akaukwaruza mfuko wangu. Kicheko kilipanda, kikakatika watu walipouona uso wa yule mama.

"Msimcheke mgeni wangu," alisema polepole. "Labda ndimu imezidi."

Alinisitiri, mimi niliyekuwa nimemdharau mbele ya wateja wake.

Binti yangu alitia mkono mfukoni mwangu, akaifungua leso, akamla yule samaki palepale, amesimama, akitemea miba kiganjani. Nilisimama kando yake na leso iliyolowa mafuta.

Kilipobaki kipande kimoja karibu na mkia, nilimnyooshea binti yangu mkono.

"Nipe hicho, mama."

Alitikisa kichwa, akakila.