Kalenda Tuliyoiita Mama

Kwa miaka miwili mimi na mdogo wangu wa kike hatukusemeshana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Masasi. Yeye ni fundi cherehani, na Baba alipofariki alikuwa akiishi Dar es Salaam. Alisafiri siku ile ile, lakini alipofika kijijini kwetu Mkunya kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Aliingia uani na begi lake begani, akawaona watu wananawa mikono, akaelewa. Tangu siku ile hakuniamkia tena. Baada ya arobaini alihamia Newala ili awe karibu na Mama, aliyebaki na mikorosho yake na nyumba kubwa isiyo na mtu.

Mama ana sukari, na mwaka ule mguu wake wa kushoto ulitoka kidonda kisichotaka kupona. Kila mwezi alitakiwa kliniki katika hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Tulimpeleka kwa zamu, mwezi huu mmoja wetu, mwezi ujao mwingine. Kwa kuwa hatukuzungumza, mipango yote ilipitia kwake mwenyewe. Nilimpigia nikamwagiza amwambie mwenzangu hivi, na mwenzangu naye akamwagiza aniambie vile. Mama yetu, mwenye miaka sabini na kitu, tulimgeuza tarishi, na hakuna kati yetu aliyeona aibu.

Mwezi mmoja zamu yangu iliangukia siku ya kusimamia mitihani. Nilimwomba Mama amwambie mdogo wangu ashike nafasi yangu. Akaitikia. Siku yenyewe, alasiri, nikiwa nakusanya karatasi za watoto, jirani yake alinipigia simu. Alinieleza taratibu, kama mtu anayeogopa kuchonganisha, kwamba Mama amekaa barazani tangu asubuhi, amevaa nguo za safari, kadi ya kliniki iko mkononi, na chakula amekikataa kwa kuwa anasubiri kuchukuliwa. Nikampigia Mama. Alisema tu kwamba hakuna aliyekuja.

Tulimpeleka wiki iliyofuata, sote wawili. Kidonda kilikuwa kimeshaingia ndani, na kidole kidogo cha mguu kikakatwa. Nilikaa upande mmoja wa kitanda, mdogo wangu upande wa pili. Tulimlisha uji kwa kupokezana kijiko, na bado hatukusema neno.

Wazo la kalenda nililipata kwa mwalimu mwenzangu. Aliniona nikiandika tarehe za kliniki nyuma ya daftari la maandalio, akaniuliza kwa nini nisiziweke kwenye simu ili na mtu mwingine azione kwenye simu yake. Sikujua kama jambo hilo linawezekana. Tulikaa ofisini kipindi kizima, maana kalenda ya simu haikuwa na mahali pa kumwalika mtu, ikabidi tuifungue kwenye mtandao kama inavyofunguliwa kwenye kompyuta. Tukaanzisha kalenda mpya. Aliniuliza iitwe nani, nikasema iitwe Mama. Halafu akataka barua pepe ya mdogo wangu. Nilikuwa nayo, kwa sababu ni mimi niliyemfungulia zamani, aliponunua simu yake ya kwanza ya kugusa. Mwisho akaniuliza kama ndugu huyo aruhusiwe kutazama tu, au na kubadilisha pia.

Nikasema na kubadilisha.

Siku tatu zilipita bila jibu. Siku ya nne jina lake likatokea chini ya langu.

Tarehe ya kwanza niliyoiingiza niliikosea. Kliniki huanza saa mbili asubuhi, nami nikaandika mbili kama tunavyosema, simu ikaelewa saa nane za usiku. Jioni nilikuta pamesahihishwa, na chini yake pameandikwa: "Saa mbili asubuhi, kwenye simu unaandika nane. Nimerekebisha." Niliyasoma maneno hayo mara kadhaa nikiwa nimesimama jikoni. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu msiba.

Tukaendelea hivyo. Zamu zangu zilikuwa za kijani, zake za buluu. Chini ya tarehe zake aliacha maelezo mafupi, kwamba dawa ya jioni Mama anaitema nimpe pamoja na uji, kwamba asikalishwe kiti cha nyuma, mguu unabanwa. Mara moja aliandika, "Leo amecheka," basi. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho alinijulisha kwamba amemhamishia Mama kwake Newala kwa kuwa vumbi la dawa hiyo linamkohoza. Nilitaka kumwandikia asante. Niliandika kwamba daktari anasema kidonda kinafunga.

Siku moja, Mama akiwa amesharudi kwake Mkunya, nikiwa namfunga bandeji, nilimwambia kwamba sasa hatutamsumbua tena kwa kubeba maneno yetu, maana ile mara moja alisahau, na yaliyotokea yakatokea. Akauvuta mguu kidogo.

"Sikusahau," alisema. "Nilinyamaza makusudi. Nilidhani msiponipeleka mtapigiana simu."

Nikaendelea kuzungusha bandeji. Sikuweza kumtazama usoni.

Haukupita mwezi, tarehe mpya ya buluu ikatokea, na haikuwa ya kliniki. Mdogo wangu alikuwa ameandika: "Kaburi la Baba, saa tatu asubuhi." Aliniweka kama mwalikwa, na simu ikaniuliza kama nitahudhuria. Nilibonyeza ndiyo kabla sijajitafutia udhuru.

Nilimkuta ameshafika, amechuchumaa, anang'oa majani. Nikachuchumaa upande wa pili tukang'oa pamoja, kisha tukasoma Fatiha. Alizungumza akiwa bado ameinamisha kichwa.

"Nilikuwa nimeshafika Ndanda, Dada, njia imebaki kidogo. Nilitaka kuuona uso wake tu."

Kwa miaka miwili nilikuwa nikiwaambia watu kwamba maiti haicheleweshwi, ndivyo dini yetu inavyotufundisha, na ni kweli. Ila siku ile wazee waliniita pembeni, mimi nikiwa mtoto mkubwa, wakaniuliza kama wamsubiri. Walikuwa tayari kungoja hadi alasiri.

"Waliniuliza," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyesema wasisubiri. Nilikuwa na hasira na wewe. Baba nilimuuguza peke yangu, wewe hukuja."

Alijifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Niliogopa kumwona akiwa vile," alisema. "Na hukuwahi kuniuliza kwa nini siji."

Nikakiri kwamba sikumuuliza. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumwambia kwamba nimemsamehe. Tulirudi kwa miguu hadi kwa Mama, mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia nyembamba kati ya mashamba ya mihogo. Mama alitutazama tulivyoingia, akaenda kuchochea moto.

Mwezi uliofuata zamu ilikuwa yake. Walipotoka kliniki alimleta Mama kwangu, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga tangu msiba. Tulikula ugali na kisamvu. Mama akajinyoosha kwenye mkeka, nasi tukabaki na simu zetu. Mdogo wangu alitaka kunionyesha namna ya kurudiarudia tarehe moja ili tusiwe tunaiandika upya kila mara, nikampa simu yangu. Alikuwa anahesabu kwa sauti, mwezi huu, ujao, wa tatu, akafika wa sita.

"Miezi sita ni mbali," Mama alisema, macho amefumba. "Andikeni ya mwezi ujao. Nyingine mtakaa tena pamoja mziandike."

Mdogo wangu alinitazama. Kisha akafuta nyingine zote, akaacha hiyo moja.