Blanketi la Mabomba

Miaka yote nimekana kwamba niliwahi kuigusa koki ya baba. Leo, nikimwaga maji ya mabomba ya kunyunyizia nyasi hapa Croydon, ughaibuni, kabla ya baridi kali, harufu ya mpira uliolowa imenirudisha utotoni.

Tulipohamia nchi hii ya baridi, jirani alimwonya baba kwamba maji yangeganda na kuyapasua mabomba yetu.

"Nimwage maji safi?" baba alishangaa. Kwao alikokulia, maji ya bomba yalikuwa ya kuvizia yatoke. Akayafunika mabomba kwa blanketi la wageni. Nikafungua koki kwa siri, nikayamwaga maji yote, viatu vikalowa chapachapa. Mabomba yakapona, na sifa zote zikaenda kwa blanketi.

Jioni hii amepiga simu. "Umeshamwaga maji, mwanangu?"

"Nimeweka blanketi, baba."

Akacheka. "Unadhani nani alivianika viatu vyako?"