Mahali pa Kukimbilia na Nyama

Kijana wangu aliniambia anataka njuga tukiwa nyuma ya nyumba ya mama yake huko Bokoli, tukitengeneza baiskeli yangu. Hakuniangalia. Alikuwa ameshika mnyororo uliojaa grisi, akasema huu ni mwaka wa tohara, wenzake wa darasani wameanza kutafuta vyuma vya njuga, na yeye pia anataka kuzunguka kwa jamaa akipiga njuga mikononi na kualika watu, kama wafanyavyo watu wa mama yake.

Mimi si wa huko. Wazazi wangu walitoka Kenya ya kati wakanunua shamba Kachibora, nami nikazaliwa hapo. Kwetu kijana akifika umri anapelekwa hospitalini wakati wa likizo, anarudi akitembea polepole, anachinjiwa kuku, basi. Nilimweleza hivyo. Alinisikiliza kwa ile subira ya mtu aliyejikinga mvua kwenye baraza la duka, anayengoja ipungue aendelee na safari yake.

Mama yake na mimi tuliachana vizuri, kama jambo hilo linaweza kufanywa vizuri. Yeye ana kibanda chake cha nguo sokoni Webuye. Mimi niliacha shule mapema na tangu hapo sijakaa mahali. Msimu wa mavuno nazunguka na mashine ya kupukuchua mahindi, shamba hadi shamba, kutoka Kitale mpaka Bungoma. Msimu ukiisha natengeneza pampu za maji, nasaidia wachimba visima, wakati mmoja nilijifunza hata kushona viatu. Nina chumba cha kupanga Kitale, lakini mwenye nyumba ananijua kwa sauti ya simu kuliko kwa uso. Sikuwahi kuona ubaya wa maisha hayo. Kila mahali kuna mtu anayejua kitu nisichokijua, na mimi nikikutana na mtu wa namna hiyo siwezi kupita.

Kwa hiyo habari ya njuga haikunitia wasiwasi, ilinitia hamu. Kila nilipopita Bokoli niliuliza. Nilimtafuta fundi anayezifua, nikamuuliza chuma anakitoa wapi. Niliuliza wazee kwa nini kijana akitoka kwa mjomba harudi kwa njia aliyoendea. Kisha nikamweleza kijana wangu yote, kwa furaha, nikidhani namsaidia. Siku moja akanikatiza.

"Baba, unauliza kama mtu wa redio," alisema. "Ukishajua yote, si utaenda?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaka kujua ratiba. Nilicheka, lakini niliporudi Kitale nilikaa kitandani na viatu miguuni, nikalirudia swali lake.

Aliyenionyesha jambo lenyewe lilipo ni mjomba wa kijana, kaka ya mama yake, ambaye boma lake liko karibu na la dada yake. Ni mfugaji, mtu mkubwa wa mwili na wa utani. Nilikwenda kwake kwa adabu, kusema kwamba nimekubali, na kwamba kwa kuwa kijana amekulia hapo, basi afanyiwe hapo. Akanipa kiti, akangoja ninywe chai kidogo.

Akanieleza kwamba siku moja kabla ya tohara kijana huenda kwa mjomba wake. Mjomba humtukana kidogo kumpima moyo, humchinjia ng'ombe, kisha humvisha shingoni kipande kirefu cha nyama ya kidari. Akishavishwa, kijana hukimbia nacho mpaka nyumbani kwa baba yake, watu wakiimba nyuma yake. Asubuhi husimama katika uwanja wa baba.

"Sasa shemeji, mimi nitamvisha nyama hapa," alisema. "Halafu akimbie nayo wapi? Azunguke choo arudi hapa hapa? Si watu watacheka, bana."

Nikasema nina chumba Kitale.

"Kina uwanja?"

"Kina kamba za nguo."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaniambia taratibu kwamba kulisha kijana hajachoka, na hatachoka. Lakini yeye ni mjomba, na mjomba kazi yake ni kutoa. Lazima kuwe na mtu upande wa pili wa kupokea. Kama hakuna, alisema, mwambie kijana mapema, usimwache azunguke na njuga akialika watu mahali ambapo hapapo.

Palikuwepo mahali pamoja tu. Baba yangu kabla hajafariki alinigawia kipande cha shamba Kachibora, nyuma ya nyumba ya kaka yangu. Sijawahi kupalima. Mama yangu alikuwa akipapanda maharagwe kila msimu, ili pasionekane hapana mwenyewe. Nilimkuta akipepeta, kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Nilipomaliza kueleza aliendelea kupepeta.

"Watu wa njuga," alisema mwishowe. "Hapa kwangu."

"Ndiyo, Mama."

"Watakanyaga maharagwe."

Nilidhani amekataa. Nikaanza kusema tutatafuta njia nyingine, akainua mkono kuninyamazisha.

"Yang'oe basi. Wewe mwenyewe, si kibarua. Ukimaliza utaniambia kama bado unataka uwanja."

Nikayang'oa. Kaka yangu alipita akanikuta nimeinama, akauliza ati nani amekufa mpaka nimerudi nyumbani. Siku iliyofuata alirudi na jembe la pili, akaliegemeza kwenye ua, akaenda zake. Niling'oa maharagwe, nikachimbua visiki vya mikaratusi, nikaanza kusawazisha udongo. Shule zilipofungwa kijana akaja kusaidia. Mama yangu alimsemesha kwa lugha yetu, naye akamjibu kwa Kiswahili, na sahani yake haikukaa tupu. Kumbe alikuwa anajua jembe kuliko mimi. Alinionyesha niache uzito wa chuma ufanye kazi, nisilazimishe mabega.

Tukiwa hapo nilimuuliza swali ambalo katika maswali yangu yote sikuwa nimelifikia, kama anaogopa.

"Kisu siogopi sana," alisema. "Naogopa nikimbie na ile nyama, watu wote nyuma, nifike nikute hauko."

Nilitaka kumjibu kwa maneno mengi. Nilikuwa nayo. Nikaendelea kusawazisha udongo, naye akaendelea, mpaka giza likaanza kuingia na mama yangu, shosho yake, akatuita tukanawe.

Bokoli na Kachibora hazikimbiliki kwa miguu, kwa hiyo tulipatana hivi: mjomba atachinja kwake asubuhi, watapanda lori, watashuka kwenye maduka ya Kachibora, na kijana atakimbia kutoka hapo. Mjomba akanipigia simu kabla hawajaondoka.

"Shemeji, nakujua. Usitoke nje ya boma, hata ukisikia nini. Baba anakutwa. Haendi kuchungulia."

Alasiri nikasikia njuga. Kwanza nilidhani ni trekta lenye vyuma vilivyolegea, halafu wimbo ukapanda juu yake, sauti za watu wengi, na majirani wetu wakaanza kutoka kwenye mageti. Watoto walikimbia kwenda barabarani. Kaka yangu akawafuata. Hata wanawake wa kanisa waliokuja na viti vyao vya plastiki waliinuka. Mimi nimewahi kufuata gari la kuchimba kisima mpaka Kapenguria ili tu nione maji yakitoka. Miguu yangu ilitaka barabara.

"Simama mahali pamoja," mama yangu alisema. "Unanitia kizunguzungu."

Nikasimama katikati ya ule udongo. Wimbo ukakaribia, ukapita nyuma ya ua, nikaona vumbi tu na ncha za matawi waliyobeba. Kisha wakaingia. Kijana alikuwa mbele, jasho linamtiririka, nyama shingoni, njuga mikononi. Macho yake yalikuwa yanatafuta kabla miguu haijasimama. Yaliponipata, mabega yake yakashuka.

Mjomba alijitokeza mbele ya watu.

"Mwenye huyu mtoto ni nani? Ni huyu mtu wa mashine? Huyu tunamjua. Gunia la mwisho likifungwa, ameshapotea. Leo mbona amesimama kama mlingoti?"

Watu wakacheka, na wa kwetu pia wakacheka.

"Ni wangu," nilisema. "Mleteni."

Mambo ya kisu, asubuhi iliyofuata, ni ya kijana mwenyewe, siyaandiki. Lakini jioni ile ile aliyofika, watu wakila, alikuja akasimama karibu nami.

"Baba, kwani hukutoka hata kidogo?"

"Niliambiwa nisitoke."

"Lakini ulitaka."

"Sana."

Akavuta kiti, akaanza kunieleza kuanzia boma la mjomba: ng'ombe alikuwa wa rangi gani, nani alianguka kwenye lori, dereva alisema nini. Nami nikauliza yote niliyotaka kuuliza.